Gobore la Kulia Kwenye Mvua: Maisha ya Mzee Osea Lazaro Simpasa, 1961–2025

Mzee Osea Lazaro Simpasa, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, katikati ya masika, kama alivyosema mwenyewe kwa kukereka kwamba ndivyo itakavyokuwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kitongoji cha Nsanzya, nje kidogo ya Chitete, ambayo sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Momba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lazaro Simpasa, mkulima na mwindaji, na mkewe Leah. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku aliyozaliwa paa lilikuwa linavuja, tone likamwangukia mtoto kwenye paji la uso, na sura aliyoikunja siku ile hakuikunjua tena. Walioishi naye wanajua kwamba mama hakutia chumvi sana.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akamaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka ule shule nzima haikutoa mwanafunzi hata mmoja wa sekondari, jambo ambalo wazee walilieleza kuwa ni mapenzi ya Mungu, wakati lilikuwa ni upungufu wa walimu. Ndivyo mambo yalivyozoea kuelezwa nyumbani kwetu: jambo lina sababu inayoonekana kwa macho, lakini sisi tunakwenda kutafuta nyingine kaburini au mbinguni. Kawaida hiyo ilimtesa Osea maisha yake yote.

Mwaka 1980 alikwenda Tunduma akajifunza kushona maturubai ya malori kwa fundi mmoja mzee aliyetokea ng'ambo ya mpaka. Kazi hiyo aliifanya mpaka mwili ulipomshinda. Dereva aliyekuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde akigundua turubai lake limechanika, na amebeba sukari au saruji, alielekezwa kwa fundi Simpasa. Alishona kwa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta ya nyuki. Akimaliza hakumruhusu mtu kuondoka kwanza. Alimwaga ndoo ya maji juu ya mshono, kisha akaingia chini yake mwenyewe, akalala chali akitazama juu. Madereva walimwona msumbufu. Mmoja wa Zambia alimuuliza, nusu Kibemba nusu Kiswahili, kama amekuja kushona au kulala. Osea alimjibu kutoka huko chini kwamba akilowa yeye hapa, sukari haitalowa huko Kapiri, ndani ya Zambia. Walirudi kwake hao hao, wakinung'unika, mwaka hadi mwaka.

Baba yake, Mzee Lazaro, alifariki tarehe 20 Januari 1987. Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu yaliyotokea kwenye msiba ule ndiyo yaliyoyapa maisha ya Osea mwelekeo, na waliokuwepo bado wanayasimulia vibaya.

Kwa desturi ya ukoo huu, mwindaji akizikwa, gobore lake hufyatuliwa kando ya kaburi na mtoto wake wa kwanza. Likilia, marehemu amemkubali mrithi wake. Lisipolia, amemkataa, na vitu vyake husimamiwa na ndugu. Desturi hiyo hiyo inataka gobore lishindiliwe baruti siku mwenyewe anapofariki, kisha litundikwe jikoni kwenye nyumba ya msiba lisiguswe mpaka siku ya maziko, eti lisipate unyevu. Kwa hiyo wakati wote ndugu wa Isoka na Nakonde walipokuwa wakisubiriwa, gobore la Mzee Lazaro lilining'inia kwenye boriti, likiwa limejazwa, juu ya masufuria ya maharage na maji ya ugali. Lilikuwa limetolewa ghalani, chuma kikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Chuma baridi kikiingizwa kwenye chumba chenye mvuke hutoka jasho, nje na ndani, kama chupa ya soda inavyolowa mezani. Wazee walidhani wanalikausha. Walikuwa wanalipika.

Tarehe 24 Januari, mvua ikinyesha, Osea alikabidhiwa gobore kando ya kaburi. Alivika fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, akaelekeza mtutu juu, akavuta. Nyundo ikagonga, fataki ikatoa kimlio kidogo, basi. Akarudia na fataki nyingine, ikawa vilevile. Mdogo wa Mzee Lazaro, Mzee Nikodemo, ambaye Mungu amemjalia umri na leo tunaye hapa mbele, alilichukua gobore mikononi mwake, akasema, "Lazaro amekataa." Maneno mawili hayo yalimwondolea Osea gobore la baba yake, shamba la bondeni, na nafasi ya kusema kwenye vikao vya ukoo. Haki isemwe: Mzee Nikodemo aliwalisha wadogo zake Osea kwa shamba lile lile, wala hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni. Hakufanya hila. Aliamini alichosema, na hapo ndipo palipokuwa na shida kubwa zaidi kuliko hila.

Osea hakubishana. Aliomba jambo moja tu, kwa adabu zote: aruhusiwe kuitoa baruti ile aitazame. Alikataliwa. Akarudi Tunduma na nguo zilizolowa, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano ambaye ukoo mzima unaamini amekataliwa na baba yake. Alimpenda sana baba yake. Wengi walisahau hilo kwenye hesabu zao.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Oktoba 1988, alifunga ndoa kanisani Chitete na Roda Nachula, binti wa wafugaji aliyekutana naye kwenye mnada wa ng'ombe. Walijaliwa watoto watatu: Sekela, Edson na Fausta. Ni Roda peke yake aliyekuja kuambiwa ukweli wa lile lililomsumbua mumewe. Sekela alipozaliwa, Osea alimshika, akamtazama, akamwambia mkewe kwamba mtoto huyu hatakuja kukataliwa na unyevu. Roda alidhani anasema habari za nepi.

Tangu hapo alianza kutafuta gobore lake la kwanza. Watu aliwaambia anatafuta la kuwindia masika, na haikuwa uongo. Nguruwe pori hushuka mashambani mahindi yanapobeba, na mahindi hubeba mvua ikiwa kwenye kilele. Wenye magobore wote wa Momba walikuwa mabingwa wa kiangazi. Mwezi wa nane walipiga kanga na kusifiana. Mwezi wa pili nguruwe waliingia shambani kama wamealikwa, na mabingwa walisimama pembeni wakivuta vifyatulio, tak, tak, huku mahindi yakiliwa mbele yao. Kesho yake ungesikia kwamba nguruwe wale walitumwa na mtu. Osea alikereka mpaka akashindwa kula. Alisema nguruwe hakutumwa na mtu yeyote, nguruwe ana njaa, na baruti imelowa.

Mtu mwingine angenunua la kwanza aliloliona. Osea alitafuta kwa miaka mingi mno, na wote waliokuwa karibu naye waliiona joto ya jiwe. Alikwenda Kamsamba, Msangano, Nanyala, Mlowo, kila aliposikia mwenye gobore halali anataka kulihamisha kwa mtu mwingine. Na alikwenda mvua ikinyesha tu. Kukiwa na jua aligeuza, hata kama amefika mlangoni. Rafiki yake mkubwa, Hamis Twaibu, mwenye lori, aliyekuwa akimpa lifti kwenye safari hizo, alilalamika kwamba amebeba abiria wa kila aina, lakini huyu ndiye wa kwanza kuomba arudishwe nyumbani kwa sababu hali ya hewa ni nzuri.

Kipimo chake kilikuwa cha unga. Alikuja na sembe kavu kwenye mfuko, akamwomba mwenye gobore amruhusu alijaze kwenye mtutu, mahali ambapo baruti hukaa. Akavika fataki iliyokwisha kutumika, akaziba mdomo wa mtutu kwa kipande cha mpira wa tyubu, akaliegemeza gobore nje kwenye mvua mpaka wamalize kunywa chai. Kisha aliusukuma unga uangukie kwenye sinia. Ukitoka mkavu, alitaka kuendelea na mazungumzo. Ukitoka umeshikana, alishukuru, akainuka. Na karibu mara zote ulitoka umeshikana. Maji yalipenya pale fataki ilipokaa kwa kulegea juu ya kinundu chake chenye tundu, au yalipita kati ya chuma na mti, kwa sababu aliyechonga kitako alishughulika na maua ya pembeni badala ya kukutanisha chuma na mti vizuri. Mzee mmoja wa Msangano alienda kumshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba kuna mtu wa Tunduma amempikia ugali ndani ya bunduki.

Hayo mambo ya kuchagua aliyaeleza kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya dakika tano, hata kwenye harusi. Watu huchagua gobore refu kwa sababu linapendeza begani. Osea alisema mtutu mrefu mchana wa mvua ni bomba la maji, na tena haujifichi chini ya koti. Alitaka fupi. Alitaka lile ambalo fataki inaingia kwa kukaza, mpaka uisukume kwa kidole gumba, na pembeni pana nafasi ya kuzungushia nta. Alitaka nyundo pana, inayofunika fataki kama kofia. Alitaka mti usio na nakshi hata moja, uliolala kwenye chuma mpaka jani la karatasi lisipite. La jiwe, linalowashwa kwa cheche badala ya fataki, hakutaka kulisikia kabisa. Alisema kuwinda masika na gobore la jiwe ni kuwasha sigara chini ya bomba. Yalikuwa maneno ya busara tupu. Lakini uyasikie kila jioni, mwaka baada ya mwaka, na nguruwe wanaendelea kula.

Jioni moja Roda alichoka. Edson alikuwa ameanza kidato cha kwanza, na mzee alikuwa amerudi kutoka Nanyala mikono mitupu, akianika mfuko wake wa sembe karibu na moto.

"Baba Sekela," akamwambia, "mimi ulinichagua mchana mmoja pale mnadani, na jua likiwaka. Hili lichuma unalichagua mpaka watoto wanaota ndevu."

"Wewe sikukuoa ulipuke kwenye mvua," akajibu.

Roda anasema alinuna siku mbili, kisha akacheka peke yake kisimani.

Masika ya mwaka 2008 alisikia habari za Anyelwisye, mtu wa Mlowo aliyekuwa anahamia Mbeya na kutaka kuachana na magobore yake mawili. Hamis alimpeleka mwezi wa nne, mvua ikiwa ya mwisho mwisho. Walipofika ilikuwa imekatika kidogo. Anyelwisye alitoa gobore refu la kupendeza, lina shaba iliyosuguliwa, akalifyatua uwanjani kuku wakatawanyika. Osea alilisifu, akaomba wasubiri mvua.

"Mzee wangu," Anyelwisye akamuuliza, "umekuja kununua bunduki au mwavuli?"

"Ukiwa na mwavuli unaolia, nionyeshe," akasema Osea.

Walikaa. Chai ililetwa, ikaisha. Ikaletwa nyingine. Hamis alikwenda kuswali akarudi. Mvua ilipoanza, unga ulitoka kwenye lile gobore zuri ukiwa umeganda kama kiporo. Osea akashukuru, akainuka, na Hamis akamshika mkono akamwambia kwamba safari hii atarudi Tunduma kwa miguu. Hapo Anyelwisye, kwa hasira ya mtu aliyepoteza siku nzima, alikwenda nyuma ya mlango akatoa la pili. Lilikuwa fupi, jeusi, lenye sura mbaya, kitako kama mchi uliochongwa na mtu mwenye haraka. Akamwambia hilo ni la baba yake, hulitumia kuzuia mlango usigonge wakati wa upepo. Osea alisukuma fataki kwa kidole gumba, na uso wake ukabadilika. Alijaza unga. Aliliegemeza nje. Akakataa chai, akasimama kibarazani akilitazama linavyolowa, kama mtu anayemsubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Unga ulitoka unapeperuka.

Kibali kilimchukua muda mwingine, kijijini, kwenye kata, wilayani, polisi. Tusiiharibu siku ya leo kwa habari za barabara ya kwenda kwenye ofisi zile. Alipokipata, alilishonea gobore lake koti la turubai lenye kifuniko cha kugeuza juu ya nyundo. Sheria za nyumbani zilikuwa mbili: halitaingia jikoni kamwe, wala halitaletwa karibu na moto likitoka mvuani. Lilikaa kwenye ghala la mahindi, kwenye baridi yake, na baruti ikiwa kando kwenye chupa yake. Fausta alipokuwa mdogo aliwaambia wenzake shuleni kwamba kwao kuna mgeni ambaye haruhusiwi kuota moto.

Februari ya mwaka 2009, akiwa na ruhusa ya kuzuia wanyama waharibifu, aliingia shambani kwake Nsanzya, kando ya mto, asubuhi ya mvua kubwa. Hamis alimfuata kwa kuwa, alisema, baada ya kilomita zote zile ana haki ya kusikia mlio. Walilala kwenye matope mpaka dume la nguruwe lilipotokeza kwenye mahindi. Osea alifunua kifuniko, akavuta, na gobore likalia kama mchana wa kiangazi. Dume lilianguka palepale. Osea alibaki amelala kifudifudi, mabega yakitikisika, Hamis akidhani anacheka. Hakuwa anacheka. Rafiki yake, ambaye kwa dini yake hangeweza kuonja hata mchuzi wa nguruwe, alikaa pembeni mpaka akatulia, kisha akamwambia kwa upole, "Bunduki umechagua vizuri, ndugu yangu. Mnyama ndiye umekosea."

Miaka iliyofuata mashamba ya Nsanzya upande wa mtoni yalivunwa mahindi yake. Vijana walianza kuja kwake kuuliza namna ya kuchagua gobore la kwanza, na aliwafundisha wote, kwa ukali. Wazee walisema amepata dawa. Alikereka upya. Alimwonyesha kila mtu nta, mpira wa tyubu, koti la turubai, fataki inayokaza. Walitazama kwa makini, wakaitikia, wakaondoka wakisema dawa yenyewe hajaionyesha.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari walisema moyo umechoka, na maji yanajaa kwenye mapafu. Alipoambiwa hivyo alimuuliza daktari yamepenyea wapi. Mtu aliyezuia maji maisha yake yote kwenye sukari, saruji na baruti, aliingiliwa na maji mahali pasipofika sindano. Alirudi Nsanzya. Kila masika hali ilikuwa mbaya zaidi, ikipata nafuu kiangazi. Akajua atazikwa kwenye mvua. Akajua pia, kwa sababu alielezwa waziwazi, kwamba ukoo unasubiri. Sekela ndiye mtoto wake wa kwanza. Ni mwanamke, ni mwalimu, na nyumba na shamba la mtoni baba yake alitaka asimamie yeye pamoja na mama yake. Palikuwa na sauti zikisema tusubiri siku ile, gobore lenyewe litasema.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kuliko moyo wenyewe. Hakuwa na wasiwasi na gobore. Alikuwa na wasiwasi na jiko. Alijua akishafumba macho, mtu mwema mwenye umri mkubwa atakwenda ghalani, atalichukua, atalishindilia, atalitundika juu ya masufuria, na hakuna atakayethubutu kumgusa mkono.

Kwa hiyo tarehe 11 Januari mwaka huu, Jumamosi, aliwaita Mzee Nikodemo na wazee wengine wa ukoo nyumbani kwake. Mwenyekiti wa kitongoji alijulishwa akaja. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri. Osea alikalishwa mlangoni kwenye kiti, amefunikwa blanketi, mito miwili mgongoni. Gobore, likiwa limeshindiliwa baruti, lilikuwa limeegemezwa nje kwenye ukuta wa ghala tangu asubuhi, ndani ya koti lake, maji yakitiririka juu yake, kila mtu akiliona. Akamwambia Sekela akalichukue, asimame uwanjani, apige kwenye kichuguu. Sekela alilowa mpaka kwenye mifupa. Akafunua kifuniko, akavuta. Likalia, na mwangwi wake ukarudi kutoka ng'ambo ya mto.

Mzee Nikodemo aliomba alishike. Aliligeuza, akalinusa mdomoni, akasema ni fupi mno. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba huo si mlio wa desturi, kwa sababu mwenye gobore bado yu hai.

Osea alikuwa hana pumzi ya kupoteza. Alipumzika katikati ya sentensi, na kila aliyekuwepo alisikia.

"Baba mdogo," akasema, "maiti haisikii. Mimi nimesikia. Ningekuwa nimemkataa mwanangu, ningesema. Mdomo ninao."

Mvua iliendelea. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake naye alikuwa na mdomo, na aliumwa wiki tatu kabla ya kufa, na katika wiki zote hizo hakuna aliyemsikia akimkataa mtu. Akaomba arudishwe kitandani.

Aliondoka katika maisha haya Jumatano tarehe 5 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Maneno yake ya mwisho kwa Edson yalikuwa kwamba apeleke gobore polisi siku hiyo hiyo, kama sheria inavyotaka mmiliki anapofariki, na asipitie jikoni. Edson amelipeleka. Kwa hiyo gobore la marehemu halipo hapa leo, na halitafyatuliwa.

Hata hivyo, wasifu huu unapopelekwa Tunduma kuchapwa, Mzee Nikodemo ameshaleta gobore refu la Mzee Lazaro, lile lile la mwaka 1987, ili desturi isikatike. Ameombwa na Mama Roda. Ameombwa na Sekela, kwa magoti. Ameelezwa habari ya chupa ya soda. Amesikiliza yote kwa utulivu, akasema watoto wa siku hizi mna maneno mazuri. Na tangu Jumatano gobore hilo, likiwa limeshindiliwa baruti, limetundikwa jikoni juu ya masufuria.

Basi familia inaomba ieleweke kabla hatujafika kaburini. Ikiwa baada ya kusomwa wasifu huu Mzee wetu atalitoa gobore lile na kumpa Sekela, Sekela atalipokea kwa heshima na atavuta, kwa kuwa hajalelewa kumkatalia babu. Likilia, tutashukuru. Lisipolia, tumesikia mvuke wa maharage. Mzee Lazaro hakumkataa Osea. Osea hakumkataa Sekela. Alilisema hilo akiwa hai, kwa kinywa chake, mbele ya wote waliokaa mstari wa mbele, na mvua ikinyesha.

Marehemu ameacha mjane, Mama Roda Nachula, watoto watatu, Sekela, Edson na Fausta, wajukuu watano, wadogo zake na wapwa walioko Chitete, Tunduma, Nakonde na Isoka, baba yake mdogo, Mzee Nikodemo Simpasa, ambaye alimheshimu mpaka mwisho, na rafiki yake Hamis Twaibu, aliyeleta turubai tulilokaa chini yake, ambalo marehemu alilishona kwa mkono wake na ambalo, kama mnavyoona, halivuji.

Bwana amlaze mahali pakavu. Apumzike kwa amani.